Maaskofu na sheikh walilala stendi ya mabasi Gulu siku nne, mi nimepita hapo miaka yote sikujua

DerevaWaNimule (mleta uzi)

Wakuu salamu.

Mi ni dereva wa malori, natoa mzigo Mombasa napeleka Juba, mwaka wa kumi na kitu sasa. Wanaoijua njia wanaijua, Malaba, Tororo, Mbale, Soroti, Lira, unatokea Kamdini, Gulu, Atiak, Elegu, unavuka Nimule. Mwaka jana klachi ikanifia Gulu. Tajiri akasema spea inatoka Kampala kesho. Kesho yake ikawa siku sita, na posho hajatuma, basi nikawa nashinda stendi ya mabasi, mchana chai ya mkopo kwa mama mmoja, jioni napiga stori na mzee mmoja analinda duka, Kiswahili chake kile cha jeshini, "wewe natoka wapi, wewe nabeba nini".

Siku ya tatu akaniambia, hapo ulipokaa alilala askofu. Nikajua mzee kashapiga waragi.

Akanionyesha zile veranda. Anasema miaka ile ikifika saa kumi na moja jioni unaona watoto wanaingia mjini toka kila njia, kila mmoja na kigunia chake au kipande cha blanketi, wadogo wameshikwa mkono na wakubwa na huyo mkubwa mwenyewe ana miaka tisa. Wanalala mjini, asubuhi wanarudi kwao. Sababu ilikua moja, LRA, jeshi la waasi la Joseph Kony, ilikua inakuja usiku vijijini kuzoa watoto, wa kiume wanafanywa askari, wa kike wanagawiwa makamanda. Nimekuja kusoma baadae kwamba wakati mbaya kabisa ilifika kama watoto 40,000 kwa usiku mmoja ukijumlisha miji ya kaskazini yote.

Sasa Juni 2003, John Baptist Odama, wakati huo askofu mkuu wa Katoliki Gulu, na Macleod Baker Ochola, askofu mstaafu wa Anglikana wa Kitgum, na sheikh Musa Khelil, na wenzao, wakaja kulala na hao watoto. Chini. Usiku nne. Sio walikuja kuombea wakaondoka, walilala, mbu wale wale.

Swali langu kwa wenye kuijua Uganda ya kaskazini: ilisaidia chochote au ilikua maonyesho? Maana mi sijatoka na jibu, nimetoka na klachi mpya tu.

Kigoda cha Mbele

Nimekaa siti ya mbele, mkuu leta vitu.

NyumbaniPece

Mleta uzi umenigusa pabaya. Mi ni Mwacholi, kabila la huko Gulu, Kiswahili nimekipatia Eldoret kazini kwahiyo mtanisamehe nikikosea.

Mimi nilikua kati ya hao watoto. Sio stendi, sisi tulikua tunalala kwenye uwanja wa hospitali, siku za kujaa tunalala popote. Nilikua na miaka kumi. Ile wiki ya maaskofu naikumbuka kwa kitu kimoja, polisi na wahuni walipunguza kutusumbua. Hilo tu. Mtoto hajui siasa, anajua usiku huu hakuna mtu amenipiga teke.

Lakini nikueleze kitu ambacho mzee wako hajakwambia. Ajabu haikua kwamba walilala na watoto. Ajabu ni kwamba walilala PAMOJA. Uganda dini ni chama. Wazee walikua wanatania kwamba DP maana yake ni Dini ya Papa, na UPC ni chama cha Waprotestanti wa Canterbury, na utani huo umevunja ndoa na umenyima watu kazi tangu kabla ya uhuru. Kwetu Acholi ukoo mmoja ulikua unagawanyika, hawa wanasali kwa padri wale kwa mchungaji, na hawanywi pombe chungu kimoja. Waislamu wachache, hakuna hata aliyewauliza maoni. Sasa mwishoni mwa miaka ya 90 viongozi wakaamua waunde kitu kimoja, wakatoliki, waanglikana, waislamu, baadae na waothodoksi, wakakiita Mpango wa Amani wa Viongozi wa Dini wa Acholi. Watu wakacheka. Bibi yangu alisema hao wakifika mwezi wa tatu wataanza kugombea nani afungue kwa sala.

Hawakugombea, au kama waligombea hatukusikia.

Bwana Mizani

Samahani wakuu mi naomba nitie mchanga kwenye pilau. Hawa viongozi wa dini na amani zao tumewaona sana. Hoteli, bahasha, picha ya kanzu na msalaba wameshikana mikono, bango la mfadhili nyuma. Kwetu Likoni, Mombasa, baada ya yale mapigano ya 97 semina zilifanyika mpaka vijana wakajua menyu. Usiku nne kwenye stendi, sawa, asubuhi dereva anakuja na gari la kiyoyozi. Mtoto anabaki.

DerevaWaNimule

@Bwana Mizani hoja yako nilikua nayo mimi mwenyewe, ndo maana nimeuliza. Ila nimechimba kidogo nikiwa nasubiri foleni Elegu na kuna mambo hayaendani na bahasha.

Huyu Ochola. 1987 binti yake alifanyiwa unyama na waasi, akajiua. 1997 gari alilopanda mkewe likakanyaga bomu la ardhini, akafa. Huyo ndo mtu aliyekua anazunguka anasema tuwasamehe wale watoto walioko porini, tuwape njia ya kurudi. Sasa we niambie huyo mfadhili gani atamlipa kiasi gani.

Pili, walikua wanaenda porini kuonana na waasi, na huko unaweza kuuliwa na pande mbili. Agosti 2002 mapadri watatu, mmoja ni Carlos Rodríguez Mhispania aliyekaa miaka mingi Acholi, walienda kukutana na waasi huko Kitgum, jeshi la serikali likawavamia likawaweka ndani. Wakati huo jeshi lilikua limeanzisha operesheni ya Ngumi ya Chuma, wameingia mpaka Sudan kumfata Kony, matokeo yake Kony akarudi Uganda na hasira zote. Mei 2003 waasi wakaingia seminari ya Lacor hapo hapo Gulu wakabeba vijana 41. Na Juni Kony akatoa amri kwa redio ya upepo kwamba misheni za Katoliki zivunjwe, mapadri wauliwe.

Angalia mwezi. Juni 2003. Wale wazee walikwenda kulala nje mwezi ule ule waliotangaziwa kifo. Hapo mi bahasha siioni.

Bwana Mizani

Sawa hapo kwa Ochola nimenyamaza. Ila sijafuta yote niliyosema.

NyumbaniPece

Na mjue serikali haikuwapenda. Tangu 1996 watu waliswagwa kwenye makambi, wanayaita vijiji vya ulinzi, ulinzi wenyewe askari wanakaa katikati na raia wanawazunguka, we piga hesabu nani anamlinda nani. Familia yetu vibanda viwili watu kumi na nne, shamba unaliona kwa macho huruhusiwi kwenda. 2001 viongozi wa dini wakatoa ripoti kuhusu hayo makambi, wakasema wazi watu wanakufa kwa njaa na magonjwa, waacheni warudi makwao. Kufikia 2005 waliokimbia makwao kaskazini nzima walikua kama milioni 1.8. Kwa maneno hayo ndo hao viongozi wa dini wakaitwa vibaraka wa Kony. Na Kony naye anawaita vibaraka wa Museveni. Ukiona unatukanwa na wote wawili labda unafanya kazi.

Mwanakwetu Segerea

Uzi mtamu, endeleeni. Swali la mjinga, huyu Kony si alikua anasema anapigania Amri Kumi za Mungu? Sasa anaua mapadri tena?

NyumbaniPece

Ndio hivyo. Alikua altare boi zamani. Na kabla yake 1986-87 kulikua na Alice Lakwena, mama wa mapepo, jeshi lake lilikua linapaka mafuta ya moyaa lisiingie risasi, likafika mpaka karibu na Jinja likapigwa hapo. Kwahiyo kwetu vita vilianza vikiwa vimevaa dini. Ndo maana nadhani dini ilibidi ije yenyewe kujisafisha.

MamaAyo_Lira

Nimekua nasoma kimya kimya sasa nimeshindwa. Mimi ni mtu wa kabila la Lango, natoka Lira. Dereva wewe unapita kwetu kila safari halafu hadithi yako inaanza Gulu na kuisha Gulu. Ndivyo inavyokuaga siku zote, Acholi Acholi Acholi.

21 Februari 2004 LRA waliingia kambi ya Barlonyo, kama kilomita 26 kaskazini ya mji wetu. Walichoma watu ndani ya nyumba. Jiwe ambalo serikali imeweka pale limeandikwa 121. Sisi wenyewe tunahesabu zaidi ya 300. Hata wafu wetu tunabishaniwa idadi.

Sasa hao maaskofu wa Gulu walikua wanasema msamaha, msamaha. Nani amewatuma kusamehe kwa niaba yangu? Wanaoua wengi wao ni watoto wa Acholi, wanaosamehe ni wazee wa Acholi, wanaozikwa Lango na Teso. Mnatuletea msamaha kama mtu anayejilipia deni kwa pochi ya jirani. Na msinifanye nikumbushe 1985, majenerali wa Acholi walivyompindua Obote, mtu wetu wa Lango, maana maneno hayo kwetu hayajalala.

Kigoda cha Mbele

Duh. Mama shikamoo.

DerevaWaNimule

Mama Ayo pole sana, na umesema kweli, mi kwa Lira nilikua naijua mizani ya magari na wale mama wa maembe tu. Naomba usiondoke kwenye uzi. Nikuulize kwa heshima, kwenu hakukua na watu wa dini waliofanya kitu?

MamaAyo_Lira

Marahaba mwanangu. Walikuwepo ndio, lakini ngoja nikwambie namna yake kwa maana ni tofauti na ya maaskofu.

Oktoba 1996 waasi waliingia shule ya wasichana ya masista, St Mary's Aboke. Walibeba wasichana 139 usiku mmoja. Sista Rachele, Mtaliano, alikua naibu mkuu wa shule, asubuhi akatoka na mwalimu mmoja kijana, John Bosco Ocen, wakafuata nyayo porini kwa miguu. Walizifuata kwa maganda ya pipi na chupa za soda walizokua waasi wameiba wakitupa njiani. Wakawafikia. Sista akapiga magoti mbele ya kamanda. Wakamrudishia 109. Thelathini wakabaki nao. Fikiria wewe ni mwalimu unageuka unaondoka na mia na tisa huku thelathini wanakuangalia.

Wazazi wa wale 30 wakaanza kukutana kila wiki kusali. Mmoja ni Angelina Atyam, mkunga wa hapa Lira, binti yake Charlotte alikua kati ya hao, miaka 14. Siku moja wanasali Baba Yetu, wakafika pale "utusamehe makosa yetu kama na sisi tunavyowasamehe", wakakwama. Watu wazima, kanisa zima kimya, hakuna anayeweza kumalizia sentensi. Wakarudi nyumbani hawajaimaliza. Wakaenda nayo hivyo mpaka siku wakaweza.

Angelina alifanya nini baadae. Akamtafuta mama mzazi wa yule kamanda aliyekua na binti yake, akamuendea, wakalia pamoja, akamwambia amemsamehe yeye na mwanae na ukoo wake. Yule kamanda alipouawa vitani akaenda tena kumpa pole. Na alipokua anapiga kelele sana duniani, waasi wakamtumia ujumbe, nyamaza tutakupa binti yako. Akakataa. Alisema wote au hakuna. Ndugu zake walimkasirikia vibaya sana, na mimi nisiwe mnafiki, ningekua mimi ningechukua mwanangu ningefunga mdomo. Charlotte alirudi mwenyewe 2004 na watoto wawili.

Huyo ana haki ya kuniambia samehe. Askofu mwenye gari sio lazima.

Bwana Mizani

Huyu mama nimesoma nikasimama nikazunguka nyumba nikarudi kusoma tena.

Wakili wa Mtaa

Niongeze la sheria kidogo maana watu wanadhani msamaha ulikua wa mdomo. Viongozi wa dini walisukuma bunge la Uganda mpaka likapitisha sheria ya msamaha mwaka 2000. Ukitoka porini, ukasalimisha silaha, ukakana uasi, unapewa cheti na hushtakiwi. Zaidi ya watu elfu 26 walikipata toka makundi yote ya uasi, karibu nusu ni wa LRA. Redio ya Gulu ilikua inawaweka waliorudi hewani waseme na wenzao, "mimi fulani nipo hai, sijauliwa, rudi". Maana makamanda waliwatisha kwamba ukirudi jeshi linakuua.

Kisha serikali ile ile iliyotoa msamaha ikapeleka kesi ICC, ile mahakama ya kimataifa ya jinai The Hague, Desemba 2003, na 2005 zikatoka hati za kukamata watu watano, Kony, Otti, Odhiambo, Lukwiya na Ongwen. Odama na wenzake walipinga, wakasema mnafunga mlango wakati watu ndo wanatoka. Wengine tukasema hapana, hati ndo zilimsukuma Kony kwenye mazungumzo ya amani ya Juba 2006. Mi mpaka leo nipo upande wa pili ila sio kwa asilimia zote, kwa sababu Aprili 2008 Kony alikataa kusaini na moja ya sababu zake ilikua hizo hati.

Na tazama Ongwen. Alitekwa akiwa mtoto akielekea shule. Akakua kamanda. 2021 akahukumiwa miaka 25, makosa 61, ikiwemo mauaji ya kambi ya Lukodi, hapo nje ya Gulu. Ni mtoto kama wale wa stendi ya mleta uzi, tofauti yake yeye walimpata.

MLOKOLE HALISI

Mimi tatizo langu ni moja, hao maaskofu wenu waliunga mkono matambiko. Mato oput, kunywa dawa ya mizizi, kukanyaga mayai, kuchinja kondoo. Ni upagani mtupu, damu ya Yesu inatosha.

NyumbaniPece

Ndugu mlokole nakuelewa, mama yangu mwenyewe ni mlokole na alisema hivyo hivyo, mpaka binamu yangu alivyorudi toka porini.

Kukanyaga yai ni hivi. Mtu amekaa mbali na nyumbani muda mrefu, kabla hajaingia boma anakanyaga yai bichi lililowekwa kwenye kijiti kinachoteleza, watu wote wanaangalia. Basi. Binamu alikua amerudi miezi minne, ana cheti cha msamaha, anaenda kanisani, na hakuna aliyekua anakula naye. Bibi alikua anamuwekea chakula chini anaondoka. Siku aliyokanyaga yai bibi alimshika mkono akamuingiza ndani. Mama yangu alisimama nje ya uzio hakutaka kuona, ila jioni alimpakulia yeye mwenyewe.

Ila mato oput yenyewe ni jambo kubwa zaidi. Ni ukoo ulioua na ukoo uliouliwa, mnakubali kosa, mnalipa fidia, ndo mnakunywa ile dawa chungu pamoja vichwa vimeinama. Na hapa Mama Ayo ana haki, hiyo dawa ni ya watu wanaojuana. Unajua aliyeua ni nani na ukoo wake uko wapi. Barlonyo nani atainama na nani? Hilo maaskofu hawakulijibu vizuri, walikua wanasema mato oput kama vile ni panado.

Bunia Leo

Mimi niko Bunia, Congo. Nasoma nyinyi wote munaongea kama vita iliisha. Iliisha kwenu. Yule Kony hakusaini, Desemba 2008 ndege zenu za Uganda zikapiga bomu Garamba, mbuga ya huku kwetu Congo alikojificha, yeye akakimbia, na siku ya Noeli watu wake wakaua watu wetu kule Haut-Uélé, Faradje, Doruma, watu walikuwa wanakusanyika kwa ajili ya sikukuu. Amani ya Gulu, sisi ndo tulilipa. Maaskofu wa kwetu nao wamezika, hakuna mtu anaandika uzi juu yao.

Mwanakwetu Segerea

Huu uzi kila anayeingia anafungua mlango mwingine.

DerevaWaNimule

Bunia Leo pole kaka. Kweli kabisa, hata mimi nilikua nahesabu kwamba 2006 ilipoanza Juba ndo mwisho, maana barabara yetu ilifunguka. Lori zikaanza kupita usiku. Mi nimekula mkate wa amani hiyo na sikujua wengine wanatozwa wapi.

Nimerudi safari hii nikamtafuta yule mzee wa stendi nimuulize alichosema Mama Ayo, kwamba nani kawatuma maaskofu wasamehe. Alikaa sana. Akasema yeye alikua na mtoto mmoja aliyechukuliwa na hajarudi, hilo hakuniambia mwaka jana. Akasema hajawahi kusamehe mtu, ila siku ile alimuona sheikh anamfunika mtoto wa Kikatoliki kwa kanzu yake ya juu, akaamua usiku huo hatachoma nyumba ya mtu. Kuna nyumba ya mtu alikua amepanga kuichoma. Sikumuuliza ya nani.

MamaAyo_Lira

Mzigo mwingine unapandisha lini?

DerevaWaNimule

Alhamisi natoka Mombasa Mungu akipenda. Lira labda Jumapili, inategemea foleni ya Malaba.

MamaAyo_Lira

Lori uliache mjini, barabara ya Barlonyo lori lako halifai. Utapanda boda. Njoo mchana maana mzee anayetunza ufunguo wa pale Jumapili anatoka kanisani saa saba. Nitamwambia. Na umletee sukari, sio pesa, pesa anakataa.